Kuchagua Kipozaji na Kasha la Kompyuta ya Magemu: Mwongozo kwa Anayeanza Uganda

Anayekusanya kompyuta yake ya kwanza ya magemu huuliza yaleyale. Ninunue kipozaji (kifaa cha kupoza prosesa, ubongo wa kompyuta) cha maji au cha hewa? Kasha hili (boksi la nje la kompyuta) la kioo lenye taa linafaa? Mbona mashine ya rafiki yangu inavuma hadi chumba cha pili kila gemu likianza? Maswali haya yanarudi kila mara, kutoka Kampala, kutoka Arua, kutoka Busia, na majibu yake hayabadiliki sana. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio wa kufuata ukiwa na pesa yako mfukoni na duka mbele yako.

Kama una haraka, jibu ni hili: chukua kasha lenye wavu mbele, kipozaji cha hewa cha mnara (mapezi, yaani mabati membamba, yaliyopangwa juu kwa juu) chenye feni ya milimita 120, hakikisha kimo chake kinaingia kwenye kasha, kisha pesa inayobaki iende kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Watu wengi wanafanya kinyume. Wanamaliza pesa kwenye kioo na taa, halafu wanacheza gemu kwa picha za chini.

Kabla hujatoka nyumbani

Andika haya kwenye simu au karatasi:

- Jina kamili la prosesa, hadi herufi ya mwisho. Ryzen 5 7600 na Ryzen 5 7600X si kitu kimoja kwa upande wa joto.
- Soketi yake, yaani mahali inapokaa kwenye madabodi. Kwa prosesa za AMD (Ryzen) utakutana na AM4 au AM5. Kwa za Intel (Core), mashine nyingi mpya ni LGA1700 au LGA1851.
- Saizi ya madabodi, bodi kuu inayounganisha vipande vyote. ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170.
- Urefu wa kadi ya grafiki kwa milimita, ule ulioandikwa na kampuni iliyoitengeneza kadi yenyewe. Kadi mbili zenye chipu moja zinaweza kupishana kwa sentimita kumi.
- Kimo cha vijiti vyako vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta).

Vifaa: tepu ya kupimia, tochi ya simu, bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu, pesti ya joto (krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipozaji) kama kipozaji hakiji nayo, pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Bisibisi fupi itakusumbua, kwa sababu skrubu za vipozaji vikubwa hukaa katikati ya minara miwili ya mapezi na mkono haufiki.

Jambo moja la kuelewa

Kipozaji hakitengenezi baridi. Kinatoa joto kwenye prosesa na kulimwaga kwenye hewa iliyo ndani ya kasha, basi. Hewa hiyo ikiwa tayari ni ya moto, au haina pa kutokea, hakuna kipozaji cha bei yoyote kitakachokuokoa. Ndiyo maana kasha na kipozaji vinachaguliwa pamoja. Na chumba kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo itapanda karibu hizo hizo tano. Anayekaa Kabale kwenye baridi ya milimani ana nafasi ambayo mtu wa Gulu au Arua hana mwezi Februari, jua linapopita nyuzi 30.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia kumi. Hewa nyepesi hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni. Tofauti yake ni ya nyuzi chache tu, haistahili kukukosesha usingizi, lakini ni sababu mojawapo ya kutonunua kipozaji kinachotosha kwa shida kwenye karatasi. Adui mkubwa kwetu ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami, hasa Desemba hadi Februari na tena Juni hadi Agosti, huziba mapezi ya kipozaji kwa miezi michache. Nitalirudia mara kadhaa.

Hatua ya 1: Jua prosesa inakula wati ngapi kweli

Namba ya TDP (makadirio ya joto la prosesa kwa wati) iliyoandikwa kwenye boksi siyo kikomo. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kufika 88. Core i5-12400F imeandikwa 65, na inaweza kupanda hadi 117 kwa mzigo. Core i7-14700K imeandikwa 125, ila kikomo chake ni 253. Hiyo namba ya juu ndiyo ya kuchagulia kipozaji.

Magemu hayafikishi prosesa kwenye kikomo kila wakati. Ryzen 7 7800X3D, kwa mfano, imeandikwa 120, lakini kwenye magemu mengi hutumia chini sana ya hapo. Anayehariri video au kutengeneza picha za 3D ndiye atakayeisukuma prosesa hadi mwisho kwa saa nzima. Kama wewe unacheza tu, usitishwe na namba kubwa. Kama unafanya kazi hizo pia, zizingatie.

Hatua ya 2: Amua kama kipozaji cha kwenye boksi kinatosha

Ryzen 5 5600 na 7600 zikiwa kwenye boksi lake huja na kipozaji kidogo kiitwacho Wraith Stealth. Core i5-12400F huja na Laminar RM1. Vyote vinafanya kazi. Vitavuma gemu likiwa zito, lakini havitaua prosesa. Pesa ikiwa finyu, anza na hicho na ubadilishe baada ya miezi sita. Ni moja ya vipande vichache ambavyo unaweza kuviahirisha bila kupoteza chochote.

Prosesa za Intel zenye herufi K, na za AMD zenye X au X3D kwenye soketi ya AM5, kwa kawaida haziji na kipozaji. Lazima ununue.

Onyo: Maduka mengi huuza prosesa bila boksi, ile inayoitwa "tray". Bei yake ni nafuu, na ni halali kabisa, lakini haina kipozaji ndani hata kama modeli hiyo kwa kawaida huja nacho. Uliza kabla hujalipa, usije ukafika nyumbani Mbarara na prosesa usiyoweza kuiwasha.

Hatua ya 3: Hewa au maji?

Hapa nina msimamo, na nitausema wazi: kwa mtu anayeanza, anayeishi Uganda, kipozaji cha hewa ndicho sahihi karibu kila mara.

Kipozaji cha maji kilichofungwa kiwandani kina pampu, mipira ya kupitisha maji, rejeta (sehemu yenye mapezi inayopoza maji) na feni. Pampu ni mashine, nayo huchoka. Maji hupungua polepole kupitia kwenye mipira, na baada ya miaka kadhaa kipozaji kinakwisha chote; hukijazi, unanunua kingine. Cha hewa kina chuma, mirija ya shaba na feni moja au mbili. Feni ikifa, unanunua feni ya milimita 120 kwenye duka lolote la kompyuta, unaifunga kwa vibanio vilevile, na siku hiyohiyo unaendelea kucheza. Fikiria hilo kwa mtu wa Moroto au Kisoro, ambaye kipuri cha pampu hakitamfikia leo wala wiki ijayo.

Kwa nguvu ya upozaji nayo, cha hewa hakiko nyuma kama watu wanavyodhani. Haya ndiyo ningeyachagua:

- Hadi wati 90 hivi: cha kwenye boksi, au mnara mmoja mdogo kama unataka utulivu.
- Wati 90 hadi 150: mnara mmoja wenye mirija minne na feni ya 120. DeepCool AK400, yenye kimo cha milimita 155, ni mfano mzuri.
- Wati 150 hadi 200 na ushee: minara miwili. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina kimo cha 155 na bei yake ni ya chini kwa kazi inayofanya. Noctua NH-D15 inakwenda 165 na bei yake ni ya juu.
- Zaidi ya hapo, yaani Core i7 na i9 za K ukizifanyisha kazi nzito: hapo rejeta ya milimita 360 ina maana. Ila mchezaji anayeanza hana haja ya prosesa hizo.

Ukiamua maji licha ya yote, kumbuka sharti moja: sehemu ya juu kabisa ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Hewa kidogo iliyomo ndani hupanda juu. Ikikuta pampu ndiyo iko juu, itakaa mle, pampu itagugumia na mwisho itakufa mapema. Rejeta juu ya kasha ni salama. Rejeta chini ya kasha, usifanye.

Hatua ya 4: Pima, kisha pima tena

Pesa nyingi hupotelea hapa, kwa hiyo usiruke mstari.

*Kimo cha kipozaji.* Kila kasha lina kikomo chake cha kimo cha kipozaji cha prosesa, kwa milimita. Kitafute kwenye ukurasa wa kampuni, siyo kwa kumwuliza muuzaji anayekisia. Kasha likisema 160 na kipozaji kikiwa 155, sawa. Kasha likisema 155 na kipozaji kikiwa 155, mimi nisingenunua. Kioo cha pembeni kinahitaji nafasi. Acha walau milimita tatu hadi tano.

*Kimo cha RAM.* Feni ya mbele ya kipozaji mara nyingi hukaa juu ya vijiti vya RAM. Corsair Vengeance LPX ya DDR4 ina kimo cha takriban milimita 31 na haimsumbui mtu. Vengeance RGB Pro, yenye taa, inafika 51. Kijiti kirefu kikisukuma feni juu kwa milimita 15, basi kipozaji chako cha 155 kimekuwa cha 170, na kasha la 160 halifungiki tena. Wanaoanza wengi hawaioni hesabu hii hadi kioo kikatae kufunga. Kama huna uhakika, nunua RAM fupi. Taa hazina kazi kwenye gemu.

*Urefu wa kadi ya grafiki.* Linganisha urefu wa kadi na kikomo cha kasha, kisha soma kama kikomo hicho kimehesabiwa pamoja na feni za mbele au bila. Ukiweka rejeta mbele, toa unene wake: rejeta nyingi ni milimita 27 na feni ni 25, jumla 52. Kasha la 330 bila kitu mbele linabaki na 278. Kadi ya milimita 304 haiingii hapo, na hakuna ujanja wa kuiingiza.

*Saizi ya madabodi.* Kasha la ATX hupokea microATX na kwa kawaida Mini-ITX pia. Kinyume chake haiwezekani.

*Soketi.* Kipozaji kilichowekewa vishikio vya LGA1200 hakiingii LGA1700 bila vishikio vingine, kwa sababu matundu yamehama kutoka umbali wa milimita 75 hadi 78. Vingi vya LGA1700 vinaingia LGA1851. Vingi vya AM4 vinaingia AM5, ila AM5 inahitaji bamba lake la nyuma libaki mahali pake kwa sababu ndilo linaloshikilia soketi. Kipozaji cha zamani kinachokuja na bamba lake mwenyewe kitahitaji vishikio vipya.

Onyo: Ukinunua kipozaji kilichotumika, fungua na uhesabu skrubu na vishikio palepale dukani. Kipozaji kizuri bila vishikio vya soketi yako ni chuma tu, na kuvitafuta kimoja kimoja kunaweza kukugharimu kuliko kipozaji chenyewe.

Hatua ya 5: Kagua kasha kwa macho na tochi

Ukiwa dukani, fungua upande mmoja wa kasha, washa tochi ya simu ndani, ielekeze mbele, kisha tazama kutoka nje. Mwanga ukipita kwa wingi kwenye wavu, hewa nayo itapita. Ukiona ukuta wa kioo au plastiki wenye ufa mwembamba pembeni, weka chini uendelee kutazama mengine. Kasha la kioo mbele linapendeza kwenye picha, lakini feni tatu zilizo nyuma yake zinavuta hewa kupitia ufa wa kidole kimoja. Zitapiga kelele na hazitaleta chochote.

Yapo makasha yanayosema yana wavu, lakini nyuma ya wavu kuna sponji nene iliyobanwa. Chomoa sponji utazame. Chujio jembamba la nailoni linalotoka kwa mkono na kuoshwa ndilo unalolitaka.

Angalia pia haya:

- Chini, mahali pa pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme kwa mashine), pawe na chujio linalovutika kutoka nje bila kulaza mashine. Kama lazima uilaze ili kulitoa, hutalisafisha.
- Miguu ya kasha iliinue walau sentimita mbili. Pawa saplai inavuta hewa kutoka chini.
- Bati lisiwe jembamba kiasi cha kupinda kwa kidole. Bati jembamba hutetemeka na feni, na kelele yake haina dawa.
- Vifuniko vya matundu ya nyuma viwe vya kufungwa kwa skrubu, siyo vya kuvunja na kutupa. Tundu lililo wazi nyuma ni mlango wa mijusi na mende, na kompyuta ya moto usiku ni makao wanayoyapenda. Mashine iliyokufa kwa sababu mjusi mdogo alilala juu ya madabodi si hadithi ya kutunga. Fundi yeyote wa Kampala atakuambia.

Kama unataka jina la kulinganishia, Corsair 4000D Airflow na Lian Li Lancool 216 ni makasha yaliyobuniwa kwa hewa kwanza: la kwanza linakubali kipozaji cha hadi milimita 170, la pili linakuja na feni mbili kubwa za milimita 160 mbele. Huhitaji kununua hayo. Yatazame kwenye picha, kisha utafute la bei yako linalofanana nayo kwa wavu na nafasi.

Hatua ya 6: Panga feni

Feni mbili au tatu mbele zikivuta hewa ndani, moja nyuma ikiitoa. Imetosha kwa mashine nyingi. Ukitaka ya ziada, iweke juu, upande wa nyuma, ikitoa nje. Feni ya juu upande wa mbele inaiba hewa baridi kabla haijafika kwenye kipozaji.

Hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka. Ikiwa hivyo, hewa ya ziada itatafuta nyufa za kutokea, na vumbi halitapata pa kuingilia isipokuwa kwenye chujio. Ukigeuza, feni za kutoa zikiwa nyingi, kasha litanyonya vumbi kupitia kila ufa usio na chujio: matundu ya USB, mapengo ya nyuma, kila mahali. Kwa anayekaa kando ya barabara ya udongo, hili lina uzito kuliko nyuzi mbili tatu za joto.

Upande wa feni wenye mikono ya fremu na stika ya katikati ndiko hewa inakotokea. Kabla ya kufunga, iwashe feni na ushike kipande cha karatasi mbele yake uone.

Onyo: Makasha ya bei ya chini huja na feni za taa zenye plagi kubwa ya pini nne ya moja kwa moja kutoka pawa saplai. Hizo hazipunguzwi kasi. Zitakimbia kwa nguvu zote hata ukiandika barua. Tafuta feni zenye plagi ndogo ya pini nne, yaani PWM, au walau pini tatu. Na kwa upande wa taa, kuna plagi ya volti 5 yenye pini tatu na ya volti 12 yenye pini nne. Ukilazimisha taa za volti 5 kwenye mdomo wa volti 12, zinaungua hapohapo.

Hatua ya 7: Kununua na kusafirisha

Kasha linunulie hapa nchini kama inawezekana, hata kama chaguo ni chache. Wasafirishaji wa ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi, chochote kilicho kikubwa. Wengi hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi la kasha la 55 kwa 50 kwa 28 linatoka kilo 15.4, hata kama ndani kuna kilo saba tu. Ongeza kodi ya VAT ya asilimia 18, na kasha la bei nafuu limekuwa ghali kuliko kipozaji, feni na pesti pamoja. Kipozaji, kwa kuwa boksi lake ni dogo, unaweza kukiagiza bila maumivu hayo.

Dukani, dai risiti yenye jina la modeli na muda wa dhamana. Kioo cha kasha kikague mbele ya muuzaji kabla hakijapanda boda. Kioo hicho ni kigumu katikati na dhaifu kwenye kona. Kona ikigonga sakafu ya vigae, kinamwagika chote. Kiweke chini juu ya kadibodi au nguo, kamwe si juu ya vigae.

Kama mashine inakusanywa Kampala kisha inapanda basi kwenda Kitgum au Kasese, chomoa kadi ya grafiki na isafiri kwenye boksi lake. Kipozaji kizito kama NH-D15, chenye kilo 1.3 hivi, kinaning'inia kwenye madabodi kasha likisimama. Lilaze kasha ubavu ili kipozaji kisimame wima, na lishikwe na mtu, lisikae kwenye buti chini ya magunia.

Hatua ya 8: Kufunga

1. Hatua za kufunga kipozaji zifanye madabodi ikiwa bado nje ya kasha, juu ya boksi lake. Kwenye kasha mikono haitoshi. Kama kipozaji ni kikubwa sana, chomeka kwanza waya wa umeme wa prosesa, ule wa kona ya juu, au jiridhishe kuwa utaufikia baadaye.
2. Weka RAM kwanza, kisha kipozaji.
3. Safisha uso wa prosesa kwa pombe ya isopropili. Acha ikauke.
4. Bandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipozaji. Imeandikwa, na bado husahaulika. Ukiiacha, joto litapanda hadi mwisho ndani ya dakika.
5. Weka pesti kiasi cha punje ya njegere katikati. Kwa prosesa za LGA1700, ambazo ni ndefu, mstari mfupi ni bora. Kama kipozaji kimekuja na pesti tayari imepakwa, usiongeze.
6. Teremsha kipozaji wima, bila kukizungusha. Kaza skrubu kwa zamu, mizunguko michache upande huu, michache upande ule, hadi zisimame zenyewe. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, kipozaji kinalala na pesti inakimbilia upande mmoja.
7. Elekeza feni ya kipozaji ipulize kuelekea nyuma ya kasha.
8. Chomeka feni kwenye mdomo wa madabodi ulioandikwa CPU_FAN. Feni za kasha ziende kwenye SYS_FAN au CHA_FAN.

Onyo kwa wenye AM4: Siku ya kukitoa kipozaji, washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, chomoa umeme, kisha kizungushe kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu kikiwa baridi, kinang'oa prosesa kutoka kwenye soketi na kupinda pini zake.

Hatua ya 9: Pima joto siku ya kwanza

Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto, ni ya bure. Acha mashine ikae dakika kumi bila kazi: nyuzi 35 hadi 50 ni kawaida. Cheza gemu zito nusu saa: 60 hadi 80 kwenye prosesa ni sawa. Kisha endesha Cinebench, programu inayoipa prosesa mzigo mzito, kwa dakika kumi. Usishtuke Ryzen ya kizazi cha 7000 ikigusa 95. Hicho ndicho kikomo chake na kampuni imekiruhusu. 7800X3D kikomo chake ni 89. Intel hupunguza kasi zikifika 100. Ikiwa prosesa inafika kikomo kwenye *gemu*, siyo kwenye Cinebench, hapo kuna kitu.

Andika namba zako pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu utazihitaji.

Usafi

Chujio la mbele na la chini, kila mwezi wakati wa kiangazi, kila miezi miwili wakati wa mvua. Yaoshe kwa maji, yakauke kabisa kivulini. Ndani ya kasha, kila miezi mitatu au minne: toa mashine nje barazani, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kisha pulizia kwa blowa. Feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibu beringi zake. Usitumie kitambaa chenye maji, na usilaze kasha kwenye mkeka au zulia. Pawa saplai itavuta nyuzi zote.

Mambo yakiharibika

*Joto linapanda hadi 90 na zaidi sekunde chache baada ya kuwasha.* Plastiki haijabanduliwa, au kipozaji hakijagusa prosesa. Fungua. Alama ya pesti ikiwa imesambaa nusu tu, skrubu hazikukazwa sawa. Safisha, weka pesti mpya, rudia.

*Mashine inawaka na kuandika kosa la feni ya prosesa.* Feni imechomekwa kwenye SYS_FAN. Ihamishie CPU_FAN. Kwa kipozaji cha maji, feni za rejeta ziende CPU_FAN na pampu kwenye mdomo wake mwenyewe.

*Feni zinapanda na kushuka kasi kila sekunde.* Ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa mashine ikianza kuwaka), tafuta sehemu ya feni, weka mkondo mpole: kasi ya asilimia 30 hadi 40 chini ya nyuzi 50, kisha ipande polepole joto likipanda. Ukiona sehemu ya kuchelewesha mabadiliko, weka sekunde mbili au tatu.

*Gemu linakwenda vizuri dakika kumi kisha linakwama.* Toa kioo cha pembeni, cheza tena gemu lilelile. Joto likishuka kwa nyuzi kumi au zaidi, kipozaji chako ni kizima na tatizo ni kasha: hewa haiingii. Osha chujio, ongeza feni ya mbele, au kama mbele ni kioo, badilisha kasha. Kucheza siku zote kioo kikiwa wazi si suluhisho hapa kwetu. Utakuwa umefungulia vumbi mlango. Joto lisiposhuka, rudi kwenye kipozaji na pesti.

*Kadi ya grafiki ndiyo ya moto, prosesa iko sawa.* Angalia kama kuna feni inayopuliza chini, usawa wa kadi. Makasha mengi yana feni za mbele zilizopandishwa juu sana, shusha moja.

*Kipozaji cha maji kinagugumia.* Hewa iko kwenye pampu. Angalia kimo cha rejeta, kisha inamisha kasha mbele na nyuma taratibu mashine ikiwa imezimwa. Sauti ikirudi kila wiki na joto likizidi kupanda, maji yamepungua, na kama bado uko ndani ya dhamana, rudisha dukani sasa.

*Namba zako zimepanda nyuzi nane tangu siku ya kwanza.* Tazama kati ya feni ya kipozaji na mapezi, siyo mbele ya feni. Hapo ndipo zulia la vumbi hujificha. Toa vibanio, ondoa feni, futa mapezi kwa brashi kavu ya rangi, rudisha feni ikiangalia upande uleule iliokuwa, na upime tena.